Wadaiwa wa Meza Kuu

Hafla ya hisani kwa ajili ya wasanii ina taratibu zake, na mkazi wa Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar hahitaji kuelezwa sana. Kadi zinauzwa kwa meza, na meza ya watu kumi inabandikwa jina la kampuni iliyoinunua. Mgeni rasmi anachelewa. Kikundi cha taarab au cha ngoma kinatumbuiza watu wakila, picha chache zinapigwa mnada, mshereheshaji anasoma ahadi moja baada ya nyingine na kuomba makofi, na mwishoni hundi kubwa ya kupigia picha inakabidhiwa kwa asasi inayowafundisha vijana muziki au inayowapa wachoraji mahali pa kufanyia kazi. Hakuna ubaya ulio wazi katika haya. Hata hivyo wengi hutoka pale na shaka ambayo hawaisemi, na shaka hiyo chanzo chake ni dini. Mtu aliyelelewa madrasa, au katika mafundisho ya Jumapili, ameambiwa tangu utotoni kwamba sadaka njema hufichwa. Hapa sadaka imepewa kipaza sauti. Ameambiwa pia kwamba anayepewa asidhalilishwe. Hapa anayepewa amepandishwa jukwaani awaburudishe wanaompa. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: fedha inayotolewa usiku ule ni fedha ya namna gani? Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa yake haistahili kuitwa sadaka hata kidogo. Ni deni linalolipwa, tena kwa kuchelewa, na tukilikubali hilo itabidi tuipange hafla upya, kuanzia nani anamshukuru nani.

Tuanze na maandiko, kwa kuwa ndiyo yanayozaa ile shaka. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Yesu anawaonya wanafunzi wake wasitoe ili watazamwe na watu, na anawataja wanafiki wanaopiga tarumbeta wanapotoa. Katika sura ya al-Baqara, aya ya 271, Kurani inakubali kwamba kutoa kwa dhahiri ni vizuri, kisha inasema kuwapa mafakiri kwa siri ni bora zaidi. Na aya ya 264, kidogo kabla ya hapo, inaonya kwamba sadaka hubatilishwa na masimbulizi na maudhi. Wengi huishia hapo wakaihukumu hafla. Lakini msomaji akiendelea katika sura ileile anafika aya ya 282, ndefu kuliko aya zote za Kurani, na mada yake ni deni. Hapo mwelekeo unabadilika kabisa: deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi waitwe, wala watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Sadaka inapenda faragha. Deni linataka mashahidi. Sababu yake haijifichi. Mtoa sadaka akijulikana, yeye ndiye anayepata ziada, yaani sifa, na aliyepokea ndiye anayepungukiwa na heshima. Anayelipa deni mbele ya watu hapati ziada yoyote, maana amefanya lililompasa, na aliyelipwa hapungukiwi kitu, maana amepokea chake. Kwa hiyo hatuwezi kusema kama kutangaza ni vizuri au vibaya kabla ya kujua kinachotangazwa ni kitu gani.

Deni hilo limetoka wapi? Chukua ngoma za Mzee Morris Nyunyusa. Alikuwa kipofu, akapiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja, na mlio wake ukawa ndio unaotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na baadaye ya shirika la utangazaji la TBC. Kwa miongo kadhaa watu walisogeza viti karibu na redio na kuwanyamazisha watoto kwa kuisikia ngoma ile. Hakuna msikilizaji aliyetozwa, na hakuna aliyeweza kutozwa, kwa sababu mlio ukishakuwa hewani huwezi kuuzuia usiingie katika nyumba ya asiyelipa. Wachumi wana maelezo yao juu ya bidhaa za namna hii: faida inaenea kuliko bei inavyoweza kuifuata, na mzalishaji hubaki na kidogo. Maelezo hayo ni sahihi ila yamepoa mno. Yanaacha jambo moja nje, kwamba kuna mtu aliyetoa na kuna watu waliotwaa, na waliotwaa wakapanga siku zao kwa alichotoa. Mifano haiishii kwa Mzee Morris. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alitunga wimbo wake mwaka 1897 akafa mwaka 1905. Sauti za wimbo huo ndizo za wimbo wa taifa wa Tanzania, lakini kaburi lake lilisahaulika hadi lilipowekewa kumbukumbu rasmi mwaka 1996. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na vikundi vya taarab vilivyofuata vimeimba juu ya msingi aliouweka. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliimba kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi waliomsikiliza, na sauti yake pamoja na uso wake vimetumika kuitangaza Zanzibar kwa wageni wa dunia nzima.

Hapo kwenye wageni ndipo deni linapoanza kupata majina. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na utalii ndio unaoiletea Zanzibar sehemu kubwa ya fedha za kigeni. Mgeni halali hotelini kwa ajili ya shuka tu. Anauziwa mahali penye mlio, harufu na hadithi, na mlio ni kazi ya watu: mpiga kanuni, mpiga udi, mwimbaji, wapiga kidumbaki. Mwenye hoteli anayenunua meza katika hafla ya chuo cha muziki amekwisha kuuza muziki huo mara nyingi kabla ya usiku ule, katika picha za matangazo yake na katika chakula cha jioni chenye burudani ya asili. Akisimama kutaja ahadi yake, hana tofauti kubwa na mtu anayeingia dukani mwisho wa mwezi, daftari la mkopo likafunguliwa, akalipa nusu ya anachodaiwa. Mwenye duka atapokea kwa adabu. Hatampigia makofi. Hayo hayo yawahusu mabenki yanayotumia michoro ya Tingatinga kwenye kalenda, makampuni ya simu yanayouza nyimbo kama milio, vyama vya siasa ambavyo havijawahi kufanya kampeni bila bendi, na serikali zinazowapokea wakuu wa nchi kwa ngoma uwanja wa ndege.

Mwanafalsafa angeniuliza mara moja: tangu lini mtu akadaiwa kitu ambacho hakukiomba? Robert Nozick wa Marekani aliliuliza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1974, na mfano aliouchagua unatugusa kwa karibu kuliko alivyojua. Anasema majirani wamefunga vipaza sauti mtaani, kila mmoja ana siku yake ya kuburudisha watu kwa nyimbo, hadithi na habari, nawe umekuwa ukifungua dirisha na kusikiliza kwa furaha. Siku yako ikifika, je, unalazimika kuacha shughuli zako ukaburudishe mtaa? Nozick anajibu hapana. Huwezi kumbebesha mtu wajibu kwa kumrushia zawadi ambazo hakuziagiza. Hoja hiyo ina nguvu, na sehemu yake naikubali bila kinyongo. Mpita njia aliyesikia ngoma akaendelea na safari yake hadaiwi kitu. Lakini kusikia kitu kikipita ni jambo moja, na kukitwaa ukakifanyia kazi ni jambo jingine. Aliyeukodi wimbo harusini, aliyeufundishia watoto wake lugha, aliyejengea biashara juu yake, hakurushiwa, aliutafuta. Nozick pia alikuwa akibishana na wajibu wa kulazimishwa kwa sheria, nami sizungumzii mahakama. Yapo madeni ambayo hayana hati wala hakimu na bado mwenye haya huyatambua. Deni la mtoto kwa aliyemlea halina risiti, na hakuna jamii ya kwetu inayodhani kwamba kwa hiyo halipo.

Hadhira yetu, kwa kweli, imelijua jambo hili kwa vitendo siku zote. Katika ukumbi wa taarab mwimbaji anapofika ubeti unaomgusa mtu, mtu huyo huinuka, husogea mbele taratibu akicheza, na kumtuza: noti inawekwa mkononi, au inabandikwa kwenye paji la uso, mbele ya kila mtu. Hakuna anayedhani mwimbaji amepewa sadaka, wala anayetuza hatuhumiwi kuwa mnafiki wa tarumbeta. Ametoa hadharani kwa sababu alichokipokea alikipokea hadharani, na fedha yake inajibu ubeti fulani uliosema jambo lake mwenyewe, pengine ukamsemea na kwa hasimu wake aliyekaa meza ya pili. Mwimbaji haachi kuimba ili ashukuru. Anaipokea noti kama mtu anayepokea kilicho chake na kuendelea na beti. Hafla ya hisani imeigeuza desturi hii juu chini bila mtu kugundua: sasa msanii ndiye anayeacha kuimba, anaitwa mbele, anainamisha kichwa, na anasema ahsante kwa kipaza sauti kwa watu waliokuwa wakiongea muda wote alipokuwa akiimba.

Aristotle ana maneno ya kutusaidia hapa, katika kitabu cha tisa cha maadili yake ya Nicomachus. Anajiuliza kwa nini wafadhili huwapenda waliowafadhili kuliko wanavyopendwa nao. Watu wa kawaida husema ni kwa sababu mdai humtakia uzima mdaiwa wake ili alipwe. Yeye hakubaliani. Anasema mfadhili humpenda aliyemfadhili kama fundi anavyoipenda kazi ya mikono yake, na anawataja washairi hasa, ambao huzipenda tungo zao kama wazazi wanavyowapenda watoto. Ni uchunguzi mkali, na ukiuleta kwenye hafla ya wasanii unatisha kidogo. Maana yake ni kwamba anayetoa fedha kwa ajili ya msanii, asipojichunga, ataanza kumwona msanii kama utungo wake. Atasema "vijana wetu", "kikundi chetu". Mwaka wa pili atapendekeza nyimbo. Mwaka wa tatu atauliza kwa nini mchoraji fulani anachora foleni za hospitali wakati kuna machweo mazuri ya bahari. Wala hatakuwa na nia mbaya; atakuwa anapenda, kwa maana ileile aliyoieleza Aristotle. Dawa ya hali hii, nadhani, haiko katika kumwomba mfadhili awe mnyenyekevu zaidi, kwa sababu unyenyekevu wa mwenye fedha ni kitu kinachobadilika na hali ya hewa. Dawa ni kumwonyesha kwamba uhusiano wake na msanii ulianza kabla hajatoa shilingi, na katika uhusiano huo yeye ndiye aliyepokea kwanza. Mtu anayelipa deni hana haki ya kumchagulia anayemdai namna ya kuitumia fedha. Akilipa fundi hamwambii anunue nini.

Kutokana na hilo linafuata jambo la vitendo ambalo waandaaji hawalipendi: wasanii wanaotumbuiza katika hafla ya kuwachangia wasanii walipwe usiku uleule, kabla ya hesabu nyingine yoyote. Desturi iliyopo ni kinyume. Mpishi analipwa, mwenye ukumbi analipwa, mwenye mahema na viti analipwa, mpambaji analipwa, mshereheshaji analipwa tena vizuri. Wapiga muziki, ambao ndio sababu ya watu kukusanyika, wanaambiwa wajitolee kwa kuwa shughuli ni yao, au wanapewa nauli na ahadi ya kupata jina. Hadithi inayojulikana na kila mtoto wa madrasa inaagiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unasema ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele hadi masikioni mwa Mungu. Haiwezekani kuchangisha fedha kwa hoja kwamba jamii haiwalipi wasanii, huku uchangishaji wenyewe ukiendeshwa kwa kutowalipa wasanii. Yupo atakayesema kwamba msanii akiamua kwa hiari yake kutumbuiza bure kwa ajili ya wenzake, huo ni ukarimu wake na tusimnyang'anye. Kweli. Basi apewe kwanza, kisha yeye mwenyewe aamue kama atarudisha. Hapo atakuwa amehesabiwa miongoni mwa watoaji, na jina lake lisomwe pamoja na la benki.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka upande mwingine kabisa. Mwanafalsafa Peter Singer, aliyeanza na makala yake maarufu ya mwaka 1972 kuhusu njaa na utajiri, ameuliza baadaye kama kuna uhalali wowote wa kuchangia jumba la sanaa wakati fedha hiyohiyo ingezuia watu kupofuka kwa trakoma. Kwetu swali hilo si la darasani. Trakoma ni ugonjwa wa Afrika Mashariki. Wapo akina mama wa vijijini, Tanzania na Kenya, ambao kope zao zimegeukia ndani zikikwaruza mboni. Nani atathubutu kusema kwamba chumba cha mazoezi ya kanuni kina uzito kuliko jicho? Sithubutu, na wanaojaribu kumjibu Singer kwa kusema kwamba sanaa nayo huponya, au huleta ajira, kwa maoni yangu wanajidanganya na wanashindwa kwenye uwanja waliouchagua wenyewe. Jibu ni kwamba Singer anazungumzia fedha iliyo huru, fedha ambayo mwenye nayo bado anajiuliza aipeleke wapi. Fedha ya deni haiko huru. Katika mirathi ya Kiislamu deni la marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana chochote, na hakuna mwanachuoni atakayemsifu mtu anayegawa sadaka ya hiari huku akiwakwepa wanaomdai. Hoteli iliyojipatia faida kwa muziki haiwezi kuacha kuwalipa wapiga muziki kwa kisingizio kwamba imepeleka fedha hospitali. Ilipe kwanza, kisha itoe sadaka, na ikifika kwenye sadaka imsikilize Singer kwa makini. Nakubali jambo moja: mtoto akiwa anazama sasa hivi, mdai atasubiri, na mdai mwenye utu hatalalamika. Lakini kama kila mwaka kuna sababu njema ya mdai kusubiri, hiyo haiitwi tena dharura.

Wapo pia watakaonikumbusha kwamba majivuno yana matumizi yake. Bila meza kuu, bila jina kusomwa, hakuna atakayetoa. Afadhali fedha yenye majivuno kuliko unyofu mtupu. Athene ya kale ilifanya hesabu hiyohiyo. Matajiri wa mji ule walipangiwa zamu ya kugharimia kwaya za mashindano, na aliyeshinda aliruhusiwa kujijengea mnara. Mmoja wa minara hiyo, wa tajiri Lysicrates, uliojengwa baada ya ushindi wa mwaka 335 au 334 KK, bado umesimama. Ila tuangalie mpangilio wake: mji ndio uliompangia tajiri zamu, naye hakuwa na nafasi ya kujifanya kwamba amewaonea watunzi huruma. Sifa ilikuja baada ya wajibu. Kenya inatuonyesha kinachotokea wajibu ukiondolewa ikabaki sifa. Harambee ilianza kama juhudi ya watu kujijengea shule na zahanati zao; miaka ikaenda, ikawa jukwaa la wanasiasa kumwaga noti ambazo hakuna aliyeuliza zilikotoka, hadi sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikawakataza kutumia vyeo vyao kuchangisha, na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto akawapiga marufuku maofisa wa serikali kushiriki harambee. Asasi ya wasanii inayomkaribisha mtu wa namna hiyo meza kuu inamuuzia usafi wa jina. Anayelipa deni anapewa risiti, na risiti inataja kiasi na sababu. Haina nafasi ya hotuba.

Hata hivyo hoja yangu inaikata hafla yenyewe pia, na sitaki kulificha hilo. Kama ni deni, basi usiku mmoja wa mwaka ni njia mbaya ya kulilipa. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002 na ambacho kimefundisha taarab na kidumbaki kwa vijana ambao wengi wao hawawezi kumudu ada, kilikaribia kufungwa mwaka 2019 wafadhili walipopungua. Hakuna hafla inayoweza kuziba mwanya wa namna hiyo, kwa sababu wafadhili wanatoa wanapojisikia na mwalimu anakula kila siku. Wanamuziki wa London waliliona hili mwaka 1738. Inasimuliwa kwamba baadhi yao waliwaona watoto wa mpiga zumari mwenzao aliyekufa wakiswaga punda barabarani, na kwa fedheha wakaanzisha mfuko wa kuwasaidia wanamuziki waliochakaa na familia zao. Mtunzi Handel alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo. Muziki wake uliuchangia mfuko, na alipokufa mwaka 1759 aliuachia pauni 1,000. Mfuko huo upo hadi leo, na sababu ni kwamba nyuma ya usiku wa muziki kulikuwa na michango ya kudumu ya wanachama wenyewe. Ujerumani ilikwenda mbele zaidi: tangu mwaka 1983 makampuni yanayotumia kazi za wasanii huchangia kwa sheria bima yao ya afya na uzeeni. Huko mwenye hoteli hapigiwi makofi, anatumiwa ankara. Kwetu Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 iliyoizaa COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania, ilikuwa hatua ya njia hiyo, ingawa haiwezi kumfikia aliyekufa zamani mno.

Kuhusu wanaosema kwamba muziki wenyewe ni haramu, hivyo hakuna deni linaloweza kutokana nao, nitasema machache. Wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani, na al-Ghazali katika kitabu chake cha Ihya alitenga sehemu nzima kuchambua ni usikilizaji upi unaofaa na upi usiofaa. Anayeshikilia uharamu kwa dhati, asisikilize, asikodi, asiuze, hadaiwi chochote, na nitaiheshimu nyumba yake iliyo kimya. Ninaowatilia shaka ni wale ambao uharamu huwajia akilini baada ya harusi, wakati wa kulipa bendi.

Linabaki swali ambalo mwanasheria angeliuliza mapema zaidi: mdai yuko wapi? Siti alikufa mwaka 1950, Bi Kidude hayupo, Mzee Morris hayupo. Deni halifi pamoja na mdai. Huenda kwa warithi. Warithi wa damu wana haki yao katika mirabaha, na hiyo isichezewe. Lakini alichokiacha mtu kama Bi Kidude hakikuwa mali tu, kilikuwa ujuzi, na ujuzi haurithiwi kwa damu. Mrithi wake ni yule anayekaa chini kujifunza. Ndiyo maana asasi inayofundisha inaweza kupokea kwa niaba ya waliokufa bila kuwa tapeli: inawakusanya warithi wa ufundi na kuwapa ala, mwalimu na mahali. Hapo hoja yangu inafikia mpaka wake. Mchoraji wa leo ambaye picha zake hazijaonwa na mtu, kijana anayejaribu mlio ambao hakuna aliyewahi kuucheza, hatudai kitu, maana hatujatwaa kitu chake bado. Anayemsaidia huyo anatoa kwa imani, na hiyo ni sadaka kamili. Kanuni ya siri inarudi na nguvu zake zote, na mshereheshaji hapaswi kuwa na habari nayo. Hafla moja basi itakuwa na fedha za aina mbili, na ugumu ni kwamba mara nyingi zinamwendea kijana yuleyule. Asubuhi anajifunza kidumbaki kwa mwalimu mzee, na hapo ni mrithi anayedai. Jioni anajifungia chumba cha pili kutengeneza muziki wake wa kompyuta, na hapo ni mwombaji. Mweka hazina wa asasi atalazimika kumfungulia madaftari mawili, na sioni njia ya kumpunguzia kazi hiyo.